Nani Ametikisa Nyota

Mtu akila mshahara kwa kutafuta mwenye kosa, atamtafuta mwenye kosa hata kwenye uji uliofanya madonge. Mume wa Sista alikuwa mtu wa aina hiyo. Alifanya kazi ofisi ya bima, ghorofa ya pili, chumba chenye feni iliyogugumia mwaka mzima, na kazi yake ilikuwa kumkalisha mtu aliyeunguliwa na duka juu ya kiti cha plastiki na kumweleza, kwa upole unaokera, kwamba moto ule aliuita mwenyewe. Waya ule nani aliuacha wazi? Ndoo ya mchanga ilifuata nini nyuma ya mlango? Watu waliingia kwake wakilia, wakatoka wakiomba radhi. Hodari kwelikweli, tumpe haki yake. Basi jioni alirudi nyumbani na uhodari wake huo, na nyumbani hapakuwa na wateja. Palikuwa na mkewe, na mama wa mkewe, na darubini juu ya paa.

Majirani walimwita Mnajimu, na jina lilimchoma.

"Mimi si mnajimu, ni mwanafalaki," aliwasahihisha pale dukani.

"Yote heri, bwana mwanafalaki," muuza duka akamjibu. "Nitazamie basi, huyu mchumba atanikubali au nitafute mwingine?"

Watu wakacheka wakashika mbavu, naye akaondoka na mkate wake, pua juu. Mkewe alimwita Mnajimu vilevile, ila kimoyomoyo. Yeye mwenyewe kila mtu alimwita Sista, kwa kuwa alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya pale kilimani. Mdomoni alimwita mumewe "baba watoto", ingawa watoto walishakua wakaenda zao, na kila mmoja alichagua mji wa mbali. Mtu asiulize kwa nini.

Sasa ile darubini, kwa wasioijua, haikuwa ya kuchungulia tu. Ilikuwa ya kupigia picha za nyota, na hapo ndipo penye kazi. Nyota hazikai mahali pamoja; zinasogea polepole usiku kucha. Ukitaka picha yake, lazima uache kamera wazi dakika kadhaa, na dakika hizo zikiisha nyota imeshahama. Kwa hiyo stendi ya darubini ina mota ya kuifuatisha. Lakini mota haina akili. Inazunguka kwenye mhimili wake, na mhimili huo usipoelekezwa sawasawa pale ambapo anga zima linapazunguka, mota inakwenda na njia yake, nyota zinakwenda na yao, na picha inaharibika. Bahati nzuri mahali penyewe pana alama: Nyota ya Kaskazini iko karibu kabisa na hapo, na wenzake wakizunguka, yenyewe imetulia. Hayo yote Sista aliyajua. Angekosaje kuyajua? Aliyasikia kila jioni, na mgeni akija aliyasikia upya, tangu chai mpaka kuagana.

Giza likishaingia, Mnajimu alipanda paa la zege kwa ngazi ya nje, amevaa kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani, tochi nyekundu kwenye paji la uso. Aliinama nyuma ya stendi, jicho kwenye kidarubini kidogo kilichochomekwa ndani ya mhimili, akakaza skrubu hii, akalegeza ile, akiguna kama mtu anayemzalisha ng'ombe. Kisha sauti ikashuka mpaka jikoni: "Ipo! Nimeinasa!" Huko kwao Nyota ya Kaskazini hukaa chini mno, karibu iguse mapaa, na wenzake wa kazini waliopenda mambo hayo walimwambia haionekani, kuna kilima na vumbi. Mnajimu aliwacheka. Hawana jicho, alisema. Yeye aliiona kila siku juu ya kilima, nukta nyeupe, imetulia tuli, haitikisiki.

Haikutikisika, kweli. Ingetikisikaje? Ilikuwa taa ya tangi la maji la hospitali.

Sista hakulijua hilo mara moja. Kwanza alishuka mumewe siku moja anatetemeka kwa furaha, akatangaza kuwa Nyota ya Kaskazini imebadilika rangi, imeingia ubuluu, na huenda yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kuliona jambo hilo. Sista alikuwa akikuna nazi. Mkono ukasimama. Asubuhi ile ile, pale hospitali, alimwona fundi umeme akishuka kwenye tangi na balbu ya zamani mfukoni, akilalamika kwamba stoo wamempa balbu nyeupe ya kumulikia maiti. Sista alijisemea, haiwezekani, hata yeye hawezi kuwa mjinga kiasi hicho.

Halafu umeme ukakatika. Mji mzima ulizama gizani, na juu nyota zilimwagika ambavyo hazijawahi kuonekana, mpaka Sista akapanda paani kuzitazama. Alimkuta mumewe amechuchumaa nyuma ya stendi, anahema.

"Nyota ya Kaskazini imepotea," akasema.

Sista akatazama kilimani. Jenereta ya hospitali ilikuwa inanguruma, madirisha ya wodi yanawaka. Juu yake, palipokuwa na taa ya tangi, palikuwa na giza, kwa sababu taa ya tangi haikuwa kwenye laini ya jenereta.

"Imepotea vipi?" akauliza.

"Wingu," akajibu Mnajimu, bila kuinua kichwa.

Wingu! Na anga lote lilikuwa jeupe, ungeweza kuokota sindano. Umeme uliporudi, lile wingu nalo likaondoka. Sista alishuka ngazi amejiziba mdomo kwa mkono, akaingia chooni, akafungua bomba, akacheka mpaka machozi.

Angeweza kumwambia kesho yake. Lakini msikilizeni mtu huyu alivyokuwa. Mbele ya wageni alipenda kusema, "Sista wangu huyu, ukimwonyesha mwezi anadhani ni sahani." Mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa mji ule kwa mikono yake! Akieleza jambo la kazini, mumewe alimalizia sentensi zake, na kuzimalizia vibaya. Akinyamaza, alimuuliza ameelewa. Miaka yote hiyo Sista hakuwa na kitu cha kumrudishia, na sasa alikuwa nacho. Akakiweka chini ya ulimi kama pipi. Kila jioni sauti ya "Nimeinasa!" iliposhuka, aliibeua midomo, akaendelea na kazi zake, na utamu ukamtiririkia rohoni. Mwache aipigie taa magoti. Mwache.

Picha, bila shaka, ziliharibika. Kila moja ilitoka na kasoro ile ile: nyota hazikuwa nukta, zilikuwa vistari, kama punje za mchele zilizomwagika kwenye kitambaa cheusi. Na Mnajimu, mtu wa bima, akaanza uchunguzi. Kwanza ulikuwa upepo. Kisha malori ya barabara kuu. Kisha mtoto wa jirani na mpira wake. Akamfuata baba yake, wakagombana, wakaacha kusalimiana. Picha zikazidi kutoa mchele. Kujitazama mwenyewe hakukumpitia akilini hata siku moja. Nyani haoni kundule.

Mwisho akampata.

"Ni Mama," alisema mezani, na picha amezipanga mbele yake kama vielelezo.

Mama mzaa Sista aliishi nao tangu alipopasuliwa mguu. Alikuwa na chumba cha pembeni, kisicho na kizingiti, hatua chache tu kutoka msalani, na ndiyo maana aliletwa pale. Darubini ilisimama juu ya paa la chumba hicho hicho. Usiku mzee wa watu aliamka kwenda msalani na mkongojo wake, ko, ko, ko, kama wazee wote.

"Mama yuko chini, darubini iko juu, katikati kuna zege la kubeba gari," Sista akasema.

"Mtikisiko unasafiri. Wewe huwezi kulielewa hilo."

Mama alikuwepo pale pale, anachambua maharage kwenye sinia. "Ni miguu yangu, mwanangu?" akamuuliza mkwewe. "Basi nisamehe. Nitajitahidi."

Sista alikasirika, ndiyo, lakini tuseme kweli: chini ya hasira ile pipi bado ilikuwepo. Alimtazama mumewe akieleza mtikisiko unavyosafiri, akachora na vishale, na moyoni akamwambia, endelea baba, jichimbie, shimo lako bado fupi. Mama akaacha chai ya jioni. "Sina kiu," alisema. Sista, ambaye kutwa nzima alipita kitanda kwa kitanda akitazama nani midomo imemkauka, akakiosha kikombe kile na kukirudisha kabatini. Kisha akaona mkongojo umeviringishiwa kitambaa kwenye ncha. Akadhani ni kwa ajili ya sakafu isichubuke, akapita.

Ikaja siku Mnajimu akarudi kutoka kazini uso umemng'aa.

"Nimezungumza na kaka yako. Jumamosi anakuja kumchukua Mama."

Kaka yake Sista alikuwa seremala, mtu mwema wa maneno machache, na mkewe alikuwa mwema zaidi. Lakini waliishi ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, ngazi zake nyembamba na kila moja na kimo chake. Mguu ule upande kule? Mama akifika juu angeshuka siku ya kubebwa. Jua angeliona dirishani.

"Mama yangu haendi popote," Sista akasema.

"Basi niambie wewe, nani ametikisa nyota?"

Neno lilimfika kwenye meno. Angelitema, jambo lingeishia pale, jikoni, kati yao wawili na sufuria. Lakini alimjua mtu wake. Ukimwambia leo, kesho anakwambia aligundua mwenyewe, na keshokutwa anakueleza wewe ulivyokosea. Kuzungumza naye ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Sista hakulitazama usoni: alitaka watu wawepo. Alitaka wamwone.

"Sawa," akasema. "Jumamosi. Lakini umwonyeshe kaka hizo nyota kwanza, aelewe kwa nini anampandisha mama yake ngazi."

Mnajimu akafurahi hata akamshika bega. Kupewa watu wa kuwahutubia! Mbwa kapewa mfupa.

Jumamosi asubuhi, hospitali, Sista alimtafuta fundi umeme akampata nyuma ya jiko.

"Fundi, leo magharibi nikikupigia simu, zima taa ya tangi. Nikikupigia tena, iwashe."

"Kuna nini, Sista?"

"Nina mgonjwa nyumbani."

"Anaumwa nini?"

"Kiburi."

Fundi, ambaye mkewe alijifungulia mikononi mwa Sista, hakuuliza zaidi.

Kaka alifika na mkewe jioni, na kamba za kufungia godoro. Mama alikuwa ameshafunga begi lake dogo, amekaa kitandani mikono mapajani. Sista aliinama mlangoni akamnong'oneza, "Usiwe na wasiwasi, Mama. Hulali kwingine leo."

Wakapanda paani wote wanne. Giza lilikuwa limeshashika, na upepo ulikuwa mzuri. Mnajimu akakohoa kama mwenyekiti wa mkutano, akaanza: dunia, mhimili, mota, mitikisiko. Wifi yake Sista alipiga miayo akaificha kwenye kiganja. Kisha Mnajimu akainama, akakaza, akalegeza, akaguna, akanyooka.

"Nimeinasa. Njoo shemeji, weka jicho hapa. Unaiona?"

Seremala akainama. "Naiona."

"Hiyo ndiyo Nyota ya Kaskazini. Wengi hawajui kuipata. Dunia yote inazunguka, hiyo haijatikisika tangu iumbwe."

Sista akatoa simu mfukoni, akapiga, akakata.

"Imezimika," akasema Seremala.

"Haiwezi kuzimika. Umehamisha jicho."

"Shemeji, jicho liko hapa hapa. Imezimika."

Mnajimu akamsukuma kando, akachungulia. "Ni wingu," akasema.

"Wingu gani, mbona zile nyingine zote zipo?"

"Tusubiri kidogo lipite," akasema Sista kwa sauti ya upole, ule upole wa bima, alioujifunza kwa mwenyewe. Akapiga simu tena.

"Imerudi!" akasema Mnajimu. "Si niliwaambia? Wingu dogo tu."

"Lina adabu hilo wingu," akasema wifi, na usingizi umemtoka.

Sasa Sista hakujificha tena. Aliipandisha simu juu, akaiweka sauti ya nje, isikike na kila mtu.

"Fundi, zima."

Pale kilimani nukta nyeupe ikafa.

"Washa."

Ikafufuka.

"Zima. Washa. Ahsante, fundi."

"Haya, Sista," simu ikajibu kwa sauti kubwa paani. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameanza kupata nafuu."

Wifi alikaa chini kwenye zege, miguu amenyoosha, akacheka mpaka akalia, akapigapiga paa kwa kiganja. Hata Seremala, mtu wa maneno machache, aligeuka upande akatikisika mabega. Mnajimu alisimama na tochi yake nyekundu kwenye paji la uso, kizibao chake, mifuko yake mitupu. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Hata kama," akasema. "Hata kama mhimili ulipotoka kidogo, mitikisiko ya Mama nayo..."

"Mitikisiko gani?" Sista akamkata. Alikuwa amesubiri sana. "Darubini ikitikiswa, nyota inaparura picha kama kuku kwenye majivu, huku na huku. Za kwako ni vistari, vyote vimenyooka, vyote vimelalia upande mmoja, kila picha. Hiyo ni mota inayofuata njia isiyo yake kwa sababu mwenyewe umeielekeza kwenye tangi la maji. Ukimwonyesha mwezi anadhani ni sahani, eh? Sasa ni nani huyo?"

"Shemeji," Seremala akasema taratibu, "mama yetu ulitaka nimpandishe ghorofa ya tatu kwa ajili ya balbu?"

Mnajimu alizima tochi, pengine asionekane uso. "Basi," akasema. "Basi, abaki. Nimesema abaki, yaishe."

Sista alivuta pumzi ndefu, tamu. Ameshinda. Mama anabaki kwenye chumba chake, na yule kiumbe amesimama mbele yake amenywea kama shati lililorowa. Hapo ndipo mumewe alipomuuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake:

"Ulijua tangu lini?"

Angeweza kunyamaza. Lakini mwenye ushindi mdomoni hauzuii, na alijibu kwa sauti ya kutosha mtaa: "Tangu ule umeme ulipokatika, ukasema wingu! Muda wote huo nakutazama unavyoisujudia taa, nacheka peke yangu."

Chini yao, moja kwa moja, dirisha la Mama lilikuwa wazi.

Waliposhuka walimkuta amesimama sebuleni, begi mkono mmoja, mkongojo mkono wa pili. Kile kitambaa alikuwa amekifungua, kimeanguka sakafuni.

"Mama, yamekwisha," Sista akasema, bado anacheka. "Rudisha begi. Huendi popote."

"Umeme ulikatika lini, mwanangu?"

"Umeme?"

"Ule wa wingu."

Kicheko kikamkatika Sista.

"Nimeacha kunywa maji jioni," Mama akasema. Hakupandisha sauti; alisema kama anayeagiza chumvi. "Ikifika alasiri nafunga kinywa, ili usiku nisiende msalani. Nikizidiwa nakwenda nimeshika ukuta, bila mkongojo, na mguu huu. Nasema nisimharibie mkwe wangu kazi yake. Nisimletee binti yangu maneno katika ndoa yake. Na binti yangu alikuwa anajua ni taa."

"Mama, nilikuwa nangojea wakati wa..."

"Ulikuwa unangojea watu wajae."

Mnajimu alikuwa mlangoni. Mama alimtazama, akamtazama bintiye, akarudi tena kwa mkwewe, bila haraka, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili dukani.

"Huyu hakujua, na asiyejua ana nusu ya kosa," akasema. "Wewe ulijua. Ndege wa ubawa mmoja huruka pamoja. Aliyewaoza hakukosea."

"Mama, ghorofa ya tatu! Utapandaje na mguu huo?"

"Nitapumzika kila nikichoka. Kule nikikohoa nimekohoa tu. Nipeni maji."

Sista alikimbilia jikoni, lakini wifi alikuwa ameshamimina kwenye bilauri kutoka kwenye jagi la mezani. Mama alikunywa amesimama, yote, bila kupumua, na alipomaliza alinyoosha bilauri ajaziwe tena. Sista muuguzi alisimama na kikombe kitupu mkononi akamtazama mama yake anavyokunywa. Midomo ilikuwa imepasuka pembeni. Ilikuwa imepasuka kwa muda mrefu, jambo ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza wodini angeliona.

Seremala alimpandisha mgongoni. Baadaye usiku wifi alipiga simu kusema wamefika salama, Mama amepumzika, na hataki kuongea leo.

Sasa mngedhani mtu akiaibishwa hivyo atajificha hata mwaka. Wapi! Mnajimu alinuna siku chache, akala bila kusema, kisha akasoma mahali kwamba kumbe kuna njia ya kuelekeza mhimili bila kuiona Nyota ya Kaskazini kabisa. Unachagua nyota iliyo juu upande wa kusini, unaitazama: ikihama kwenye alama kwenda juu au chini, unageuza skrubu ya pembeni. Halafu unachagua nyingine ya mashariki, unafanya vivyo hivyo kwa skrubu ya kimo, mpaka zote zinatulia. Kazi ya subira tu, na alipolazimika aliiweza. Picha ya kwanza ikatoka na nyota nukta tupu, safi, kama chumvi. Akaisafisha kubwa, akaitia fremu.

Na alisema nini, mtu yule? Mgeni wa kwanza alipokuja, aliisimamia picha mikono nyuma. "Unaona?" akasema. "Tangu Mama aondoke, nyumba imetulia. Niliwaambia watu ni mitikisiko." Ya tangi hakuyataja, wala hakupepesa macho. Kosa alikuwa ameshamtwisha mtu asiyekuwepo, kama kazini.

Sista alisonya mpaka mgeni akageuka. Jioni ile mumewe alipopanda paani na kamera ikawa wazi, aliingia chumba cha Mama, kitanda kimevuliwa, na mchi wa kinu mkononi. Akaanza kutembea. Alivaa viatu vya mumewe vya kazi, vile vyenye visigino, akakanyaga kutoka ukuta hadi ukuta, na kila akifika mwisho aliitwanga sakafu kwa mchi, ko, ko, ko. Jirani aliita dirishani, "Sista, mnatwanga nini saa hizi?" Yeye alitwanga mpaka viganja vikamuuma.

Asubuhi Mnajimu alikuja mezani na picha mpya. Kila nyota ilikuwa duara, imetulia kama imechomwa kwa pini.

"Haya, nini hiki?" akasema. "Utulivu! Jana usiku nyumba ilikuwa kimya kabisa, si ndiyo?"

"Ndiyo," akasema Sista.

Alitoka nje na simu. Mama alipokea mwenyewe safari hii, na Sista akamwagika: kwamba jana usiku ametembea muda wote wa picha, ametwanga sakafu, na picha imetoka safi kama yai, kwamba imethibitika sasa, Mama, miguu yako haikuwahi kutikisa chochote, na yule mjinga ndani anajisifia utulivu wakati mimi nilikuwa chini yake na mchi. Alijikuta anacheka tena.

Kule upande wa pili ilisikika sauti ya kijiko kwenye kikombe.

"Na umeshamwambia?" Mama akauliza. "Au unangojea watu wajae?"

Ndani, Mnajimu alikuwa amepanda kiti, anapigilia msumari ukutani. Sista alimtazama dirishani, simu ikiwa bado sikioni. Hakuwa amemwambia.